Mpya ya Lini?

Boksi lilikuwa la njano, limechakaa kwenye kona, na ndani yake kondensa ilikuwa imeviringishwa karatasi ya nta kama peremende. Mzee aliishika kwa vidole viwili, akainusa, akanipa na mimi niinuse. Ilinuka kama duka lililofungwa siku nyingi. Haikuwahi kufungwa kwenye mashine yoyote tangu itoke kiwandani, na kwa makadirio yetu ilitoka kiwandani kabla mimi sijazaliwa, pengine kabla baba yangu hajaoa.

“Mpya kabisa,” alisema Mzee.

Nami nikaitikia. Nakiri hapa mapema kwamba niliitikia kwa moyo wote, maana karatasi ile ya nta ilinipumbaza kama ilivyompumbaza yeye.

Tulikuwa kwenye banda lake nje kidogo ya Waterloo, jimbo la Iowa, Jumamosi moja ya Machi, baridi bado imegoma kuondoka. Mbele yetu trekta aina ya John Deere B ya mwaka 1939, rangi yake ya kijani imebaki viraka, magurudumu mawili ya mbele yamebanana kama magoti ya mtu mwenye haya. Waterloo ndiko zilikozaliwa trekta hizi. Mwaka 1892 John Froelich, mtu wa Iowa hiihii, alitengeneza trekta ya petroli iliyoweza kwenda mbele na kurudi nyuma, na kampuni iliyochipuka kutokana na kazi yake ndiyo John Deere waliyoinunua mwaka 1918. Leo ukiingia duka la vyakula mjini humo utasikia Kiswahili cha Kongo kwenye foleni, kwa sababu watu wetu wamefuata kazi za viwandani kama walivyozifuata wengine kabla yao. Mimi nimetoka Morogoro. Nakereza vyuma siku tano za wiki, na ya sita nakwenda kwa Mzee kuchafua mikono bila malipo.

Namwita Mzee kwa sababu siwezi kumwita kwa jina lake la kwanza mtu wa miaka themanini na ushee, ingawa huku ndivyo wafanyavyo. Mwanzoni alidhani nimempa jina la utani. Nilipomweleza maana yake alinyamaza kidogo, kisha akasema basi na mkewe naye nimtafutie la kwake. Tangu siku hiyo yule mama anaitika Bibi, na keki za Jumamosi zimeongezeka ukubwa.

Trekta ya Mzee haina betri wala stata. Unafungua vali ndogo kwenye silinda zake mbili ili mgandamizo upungue, unasimama kushoto, unaishika flaiwili kwa mikono miwili kama mtu anayegeuza usukani wa meli, na unaizungusha. Umeme wote wa kuwashia plagi unatoka kwenye kijisanduku cha chuma kinachoenea viganjani, yaani magneto. Hii ya kwetu ni ya kampuni ya Wico.

Kwa ambaye hajawahi kuifungua, magneto ni mtambo wa ajabu kwa jinsi ulivyo na vitu vichache. Kuna sumaku. Kuna chuma kilichozungushiwa waya mnene mizunguko michache, na juu yake waya mwembamba kama unywele maelfu ya mizunguko. Hiyo ndiyo koili. Sumaku na koili vikipishana, umeme unazaliwa kwenye waya mnene. Unazunguka humo kwa raha zake kupitia pointi mbili zilizogusana. Ukifika kilele, kijinundu kwenye shafti kinazitenganisha pointi kwa upana mdogo, inchi 0.015 kwa Wico. Umeme unakatika ghafla, nguvu ya sumaku ndani ya koili inaporomoka, na mporomoko huo unasukuma maelfu ya volti kwenye waya mwembamba hadi zitafute pa kurukia. Panapopatikana ni kwenye ncha ya plagi.

Sasa umeme uliokatwa haupendi kukatwa. Pointi zikiachana tu, unataka kuruka ule mwanya na kuendelea na safari. Ukiruka pale, cheche inakuwa pointini badala ya kuwa kwenye plagi, pointi zinaungua na injini inakohoa. Ndiyo maana pembeni ya pointi kumewekwa kondensa. Kazi yake ni kuupokea umeme ule kwa muda mfupi usiopimika kwa jicho, kama mtu anayemshika mkono mgomvi na kumketisha kando hadi hasira zipoe. Kondensa haiwashi chochote. Ila ikifa, hakuna kinachowaka.

Tulikuwa na mambo sita ya kuamua siku ile: pointi, kondensa, koili, kofia ya kugawia umeme, waya za plagi na plagi zenyewe. Kwa kila kimoja kulikuwa na njia tatu au nne. Kuna spea za kale zisizotumika, zilizolala kwenye maghala ya mawakala waliofunga biashara, zinauzwa kwa bei ya vito. Kuna spea zinazotengenezwa leo kwa kufuata vipimo vya zamani, nyingine nzuri, nyingine aibu tupu. Kuna zilizong'olewa kwenye magneto zilizokufa. Na kuna njia ya nne: kuitupa magneto yote, kufunga distributa na betri, na mambo yakaisha. Simlaumu anayeifuata hiyo ya mwisho. John Deere wenyewe, ilipofika 1947, walikuwa wameshahamia kwenye betri na distributa kwa mtindo mpya wa B. Anayelima kwa trekta na apate riziki, afunge kinachomlimia. Lakini Mzee halimi tena. Alinunua trekta hii kwa sababu ndiyo aliyopandishwa akiwa na miaka minane, akakaa mapajani pa baba yake, na anataka iwake kwa namna ileile iliyowaka siku ile.

Hapo ndipo utashi wa mtu unapomchezea. Ukitaka kitu kiwe kama kilivyokuwa, jicho lako linakimbilia boksi la zamani.

Kwetu Morogoro mambo ni tofauti, na nilipaswa kukumbuka. Nenda Msamvu au Kariakoo ukanunue spea ya gari. Muuzaji atakuuliza kwanza unataka ipi: mpya, au iliyotumika kutoka Japani? Na mara nyingi iliyotumika ndiyo ghali, na mteja anailipia huku anatabasamu. Mgeni angeona tumechanganyikiwa. Hatujachanganyikiwa. Iliyotumika imeshatoa ushahidi: ilifungwa kwenye gari, gari likatembea, na kama ilikuwa na kasoro ya kiwandani ingeshajitokeza. Ile mpya haijawahi kuulizwa swali lolote. Inang'aa kwa sababu haijafanya kazi.

Lakini sote tuliikosa nukta moja, mimi na wauzaji wa Kariakoo. Neno letu “mpya” limebeba mizigo miwili. Mpya ni kisichotumika, na mpya ni kilichotengenezwa juzi. Kwa kanga mizigo hiyo huja pamoja, hatuna haja ya kuitenganisha. Kwa kondensa ya karatasi imeachana kama barabara za Msamvu, moja Dodoma, nyingine Iringa.

Tuliifunga ile ya boksi la njano. Kabla ya kuifunga niliipima kwa mita, nikaona takriban maikrofaradi 0.2, kipimo cha kawaida kabisa kwa kondensa ya aina hii. Mita ikasema nzima. Pointi za zamani tulizing'oa, tukafunga mpya, za kutengenezwa leo. Koili tuliiacha. Mzee akafungua vali, akashika flaiwili, akazungusha. Klak. Injini ikapiga mara moja, ikasita, ikapiga tena, na moshi mweupe ukatoka mlangoni ukawafukuza bata.

Wanaojua John Deere za silinda mbili wanaujua mlio wake. Haipigi kwa mfululizo sawa kama injini nyingine. Silinda moja inawaka, ya pili inafuata nusu mzunguko baadaye, kisha kimya kirefu cha mzunguko mmoja na nusu, halafu tena mbili za haraka. Ni mdundo wa mtu mwenye mguu mmoja mfupi anayetembea kwa haraka. Mzee alisimama pale na kofia mkononi. Bibi alitoka jikoni. Ilikuwa siku njema kwa takriban dakika ishirini.

Kisha ikazima.

Tukaizungusha hadi mabega yakauma, haikuwaka. Tukaenda kula. Tuliporudi, ikawaka kwa mzunguko wa kwanza kama mtoto aliyelala akashiba, ikaenda dakika ishirini, ikazima. Jumamosi iliyofuata hivyohivyo. Ikiwa baridi inawaka, ikipata moto inakufa.

Fundi yeyote atakuambia: kinachokufa kwa joto ni koili. Waya zake zimepakwa vanishi, vanishi inapasuka kwa uzee, joto linatanua ule ufa, umeme unapata njia ya mkato. Nami nilimwambia Mzee hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Akaagiza koili, mpya kwa maana zote mbili, akailipia bei ambayo sitaiandika hapa kwa sababu Bibi hajui. Ilipofika, niliishika mkononi, nikasita. Sikuwa na sababu ya kusita isipokuwa kwamba fedha haikuwa yangu. Nikasema ngoja nimpigie kaka.

Ilikuwa saa nane mchana Iowa, saa nne usiku Morogoro. Kaka yangu ana gereji ya pikipiki nyuma ya stendi. Wateja wake wote ni bodaboda, na umeme wa bodaboda nao unazaliwa na sumaku inayozunguka ndani ya injini, ingawa siku hizi kazi ya pointi inafanywa na kiboksi cha elektroniki. Hata ndege ndogo za injini ya pistoni zinazoruka mbugani zina magneto mbili kila injini, kwa sababu magneto haimuombi betri ruhusa. Kwa hiyo Mzee anapoita kitu hiki cha kale huwa nacheka kidogo. Kwetu bado kinasafirisha watu kwenda hospitali.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba, mdogo wangu. Bibi wa keki hajambo?”

Nikamweleza yote. Hakunikatiza. Nyuma yake nilisikia mtu akipiga kiki pikipiki ambayo haikutaka kuwaka.

“Koili umeshafunga?”

“Bado.”

“Usifunge. Kondensa umeweka gani?”

“Mpya.”

“Mpya ya lini?”

Nikanyamaza.

“Nakuuliza wewe. Mpya ya lini?”

“Ya boksi,” nikasema, na nilipojisikia nikisema hivyo nikajua.

Alicheka hadi akakohoa. Halafu akanieleza kwa subira ambayo hakuwa nayo tulipokuwa wadogo. Kondensa za zamani ni ukanda wa karatasi na ukanda wa bati jembamba, umeviringishwa pamoja, ukazamishwa kwenye nta au mafuta, ukafungiwa kwenye kikopo. Karatasi inanyonya unyevu. Haijali kama imefungwa kwenye trekta au imelala kabatini. Miaka inapita, unyevu unaingia polepole kwenye kiungio cha kikopo, karatasi inaoza kidogo kidogo. Iliyolala miaka sitini imezeeka miaka sitini. Boksi halikuizuia hata siku moja.

“Lakini nimeipima,” nikajitetea. “Mita inasema nzima.”

“Mita yako inaiuliza kwa volti ngapi? Chache, za betri ndogo. Pointi zikiachana kondensa inapigwa mamia ya volti. Unamuuliza mtu kwa kunong'ona kama ana nguvu, anakujibu ninazo. Mtwike gunia.”

Akaniambia nifanye jambo moja la bure. Niing'oe ile ya boksi kabisa, isibaki hata kwa upande mmoja, kwa sababu kondensa inayovuja ikiachwa imeunganishwa itaiharibia kazi hata mwenzake. Kisha nitafute nyingine yoyote inayofanya kazi, hata ya gari, niiunganishe kwa nje kwa vipande viwili vya waya, kimoja kwenye pointi, kimoja kwenye bodi ya magneto. Mzee alikuwa na ya lori la zamani kwenye droo. Haikupendeza. Ilining'inia nje ya magneto kama dripu ya mgonjwa. Tukawasha saa tisa kasoro. Saa kumi na mbili jioni Mzee mwenyewe ndiye aliyeizima, kwa hiari yake, kwa sababu ya chakula.

Ya kale ni dhahabu, tunasema. Kondensa haikuisikia methali hiyo.

Usiku ule, baada ya chakula, tulifanya jambo ambalo ningemshauri kila mwenye magneto alifanye mara moja maishani. Tulizima taa za banda, tukafungua kifuniko cha pointi injini ikiwa inazunguka polepole. Kwa kondensa ya lori, pointi zilikuwa giza, labda nukta ndogo ya buluu hapa na pale. Tukazima, tukarudisha ile ya boksi ikiwa bado injini ina moto, tukazungusha. Pointi zilitoa mwanga wa buluu na njano, mpana, wa kupwaya, kama jiko la gesi linaloishiwa. Umeme wote ambao ungekwenda kwenye plagi ulikuwa unateketea pale, mbele ya macho yetu.

Niliziangalia pointi asubuhi kwa kioo cha kukuzia. Zilikuwa na saa chache za kazi, lakini upande mmoja ulikuwa na kijilima na wa pili kishimo kinacholingana nacho, chuma kimehama kutoka hapa kwenda pale. Na si hilo tu. Kile kipande kinachosugua nundu ya shafti kilikuwa kimelika, na mwanya wa inchi 0.015 umebaki kama 0.010. Pointi zile za kutengenezwa leo zilikuwa na kisugulio laini mno. Aliyezitengeneza alifuata umbo, hakujali zimekusudiwa kusugua chuma mara ngapi kwa dakika.

Basi tukarudi kwenye kopo la takataka. Pointi za zamani, zile tulizozing'oa kwa dharau siku ya kwanza, zilikuwa zimeungua lakini zilikuwa nene. Ncha zake ni tangsteni, chuma kigumu kisichooza. Tangsteni ikikaa kabatini inapata utando mwembamba wa juu unaozuia umeme, basi. Utando unaondoka. Mzee ana jiwe la mafuta alilorithi, la kunolea nyembe. Nilizisugua juu yake kwa mizunguko midogo, tone moja la mafuta, hadi kijilima kikasawazika na uso ukawa wa kijivu usio na mng'ao. Sikutumia msasa, kwa sababu chembe zake zinajichimbia kwenye chuma na kubaki humo. Mwisho nilipitisha kipande safi cha bahasha katikati ya pointi zikiwa zimefungana, nikakivuta. Kilitoka na mstari mweusi. Nikapitisha kingine. Kilitoka na mstari hafifu. Cha tatu kilitoka cheupe. Kaka yeye hana hata fila geji ya kupimia mwanya; mwanya wa plagi ya bodaboda anaupima kwa jani la msumeno wa chuma, ambalo unene wake unakaribia sana milimita 0.6 zinazotakiwa, na sijawahi kumwona mteja akirudi kulalamika.

Kwa hiyo tuliishia na orodha ambayo siku ya kwanza ingetuchekesha. Kondensa: mpya ya leo. Pointi: mtumba, tena mtumba wa mashine ileile. Koili: ya asili, haikuwa na kosa. Kofia tulibadilisha bila mjadala, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kijistari cheusi, chembamba kama njia ya sisimizi, kutoka nguzo moja hadi nyingine. Umeme ukishajichorea njia kwenye bakelaiti hauisahau, na asubuhi ya unyevu utapita hapohapo. Plagi ni za kununua tu, alimradi zisiwe za kizazi cha leo zenye kizuizi ndani. Waya nazo zina hadithi fupi: nilileta kutoka duka la spea za magari waya nzuri, laini, nyekundu, na trekta ikaanza kukosa mapigo. Za siku hizi zina nyuzi za kaboni zinazopunguza kelele za redio kwa kuubana umeme. Magneto ikiwa inazunguka polepole haina umeme wa kubanwa. Inataka shaba. Mzee hana redio kwenye trekta.

Kikwamishi cha kuwashia nacho tulikiokoa, na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Unapozungusha flaiwili kwa mikono huwezi kufika kasi ya kutoa cheche. Kwa hiyo kati ya injini na magneto kuna springi na kijindoano. Kijindoano kinaizuia magneto isizunguke wakati injini inaendelea, springi inajikunja, inajikunja, kisha ndoano inaachia na magneto inaruka ghafla kwa kasi ambayo mkono usingeweza. Ndiyo ile klak. Injini ikishashika kasi, ndoano zinarushwa nje zenyewe na hazisikiki tena. Kabla ya Jumamosi ile ya kwanza, cha Mzee kilikuwa kimegandiana kwa mafuta yaliyogeuka ulimbo. Muuzaji mmoja alikuwa tayari kutuuzia kizima. Tulikilaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha, na asubuhi kikalia.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba la mkonge upande wa Kilosa, na alikuwa na pampu ya maji yenye magneto ya sumaku ya kiatu cha farasi. Alituchapa mara mbili tu kwa ajili yake. Mara ya kwanza kaka aliitoa sumaku akaiacha juu ya benchi mdomo wazi. Sumaku za chuma cha zamani zikitolewa bila kuwekewa kipande cha chuma cha kuunganisha ncha zake mbili, hupoteza nguvu. Baba aliweka tupa. Mara ya pili ilikuwa mimi. Pampu haikuwaka, nikaona niisaidie kwa betri ya gari. Magneto hailishwi betri. Sumaku inaweza kudhoofika na koili kuungua, na siku ile vilitokea vyote viwili. Kijiji kizima kilichota maji mtoni wiki tatu.

Nimefikiri sana kuhusu fimbo ile. Baba hakunichapa kwa kuharibu. Alinichapa kwa kutouliza ile mashine inakula nini.

Kuna jambo ndani ya gereji ya kaka ambalo nilimwonyesha kwa simu mwaka huu, na hajalimaliza kulishangaa. Ukutani ana kalenda ya Bosch, ya zamani, imebaki kwa ajili ya nembo. Ile duara yenye kitu kama herufi H iliyovimba katikati ameitazama miaka ishirini. Ni kiini cha magneto kilichokatwa kwa upana wake. Robert Bosch wa Stuttgart alitengeneza magneto yake ya kwanza mwaka 1887 kwa ajili ya injini ya kukaa mahali pamoja. Mwaka 1902 fundi wake, Gottlob Honold, akaja na ile ya volti kubwa inayorusha cheche kwenye plagi, na huyohuyo Honold ndiye aliyechora nembo mwaka 1918. Kampuni leo inauza hadi majokofu. Nembo bado ni spea.

“Kumbe nilikuwa naitazama kila siku,” kaka alisema. “Mimi nilidhani ni tairi.”

Lililobaki lilikuwa kondensa yenyewe. Ile ya lori isingeweza kuning'inia milele, na kondensa mpya za leo ni vipande vya utando wa plastiki, vya njano au buluu, vidogo kama ncha ya kidole gumba. Havinywi maji. Nilileta moja ya maikrofaradi 0.22 inayovumilia volti 630. Mzee aliitazama kiganjani mwake kwa muda, na sikuhitaji Kiingereza kumwelewa. Ilikuwa haifanani na kitu chochote cha baba yake.

Akachukua ile ya boksi la njano. Akaifungua kikopo kwa msumeno mdogo, taratibu, akivuta karatasi yake nje kwa koleo. Ilitoka ndefu, ya kahawia, imelowa nta iliyogeuka rangi ya asali chafu, na mahali pawili ilikuwa na madoa meusi ambapo umeme ulikuwa ukipenya. Kwenye kikopo kitupu akaingiza ile ya plastiki, akalehemu waya zake, akaziba kwa gundi. Kwa nje huwezi kujua.

Nilimuuliza kama huo si udanganyifu kidogo. Akasema trekta haidanganyiki. Nami sikuwa na la kuongeza, kwa sababu nilikuwa nimeshika flaiwili na ilikuwa zamu yangu kuizungusha.

Trekta imefanya kazi majira mawili bila kuzima yenyewe. Tumebakiwa na ile koili, haijafungwa, imo kwenye boksi lake, kwenye rafu ya juu kulia kwa mlango. Ni mpya leo. Mwenye John Deere B ya magneto, awe Iowa au Iringa, na koili yake imekufa kweli, si kwa kusingiziwa, atuambie mapema. Mzee anaitoa kwa nusu ya bei aliyonunulia, na Bibi asijue.